Nozeli za Carina Ti: nimepima, nimeosha, na karatasi ya vipimo ninayo

Hii gari imenitesa karibia miezi saba kabla sijapeleka nozeli, vile vidude vinavyopulizia petroli kwenye injini, kupimwa, na najua kuna watu wengi wenye Carina, Corolla 110, Rav4 za zamani na Mark II GX100 wanapitia kitu hikihiki sasa hivi, kwa hiyo wacha niandike yote nilivyoyaona, hela niliyotoa, wale mafundi walifanya nini vizuri na wapi wamezingua.

Gari ni Carina Ti ya 1999, injini 5A, silinda nne, ile ya cc 1498. Baba aliinunua 2011 ndo maana namba yake ya usajili ni ya herufi B, akanikabidhi mimi macho yalipoanza kumsumbua usiku. Natembea nayo hapa Dar, Kimara kwenda Posta, siku zote za kazi, maana yake muda mwingi injini inaunguruma gari imesimama kwenye foleni. Tatizo lilianza taratibu tu, asubuhi ukiwasha inashika vizuri, ila ikishapata moto ukisimama kwenye taa sailensa (ule mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inashuka inaanza kutetemeka, usukani unacheza na kile kioo cha ndani kinatikisika mpaka humuoni vizuri aliye nyuma yako. Ukikanyaga mafuta kidogo inatulia. Alafu ulaji, zamani nilikuwa napata kilomita 12 kwa lita hata na foleni zake, ikashuka mpaka 9, na ukisimama nyuma ya gari unasikia kabisa harufu ya petroli mbichi. Desemba tukaenda Iringa, pale mlima Kitonga ndo nikajua hili sio jambo la kuvumilia tena, tuko watano na mizigo, nimeshusha gia mpaka 2, mguu uko chini kabisa, injini inavuta inaruka, inavuta inaruka, na nyuma yangu kuna malori yanapandisha. Niliogopa kweli.

Fundi wangu wa mtaani, simtaji maana ni mtu mwema na amenisaidia mengi, alisema plagi. Tukabadilisha plagi zote nne. Haikubadilika kitu akasema waya za plagi, tukanunua, akasema kifuniko cha distribyuta na rota, tukanunua, mwisho akasema pampu ya mafuta imechoka, tukatafuta yuzidi Ilala tukafunga. Nilipiga hesabu baadaye, vifaa peke yake sh 210,000 na ufundi 50,000, na gari ikawa bado inamisi, yaani inarukaruka, vilevile. Hapo ndo pananiuma, sio kwamba alinidanganya, ni kwamba hakuna hata kimoja kilichopimwa kabla ya kubadilishwa, tulikuwa tunabahatisha tu na hela yangu.

Mtu mwingine akaniambia pima kwa kompyuta. Hizi gari za Japani za zamani hazina ile soketi ya kisasa, zina kile kiboksi cheusi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, unafungua unaunganisha kawaya kati ya TE1 na E1, unaweka swichi oni bila kuwasha, alafu unahesabu taa ya injini inavyomulika. Ya kwangu ilimulika mfululizo tu kwa kasi moja bila kutoa namba yoyote, maana yake kompyuta haioni kosa lolote. Watu wengi wakifika hapo wanasema basi injini yenyewe ndo imekufa, tafuta injini nyingine. Msikubali aisee. Kompyuta ya gari hizi inajua tu kwamba imeituma nozeli ifunguke, haijui ni mafuta kiasi gani yametoka, nozeli inaweza kuwa imeziba nusu na waya wake ni mzima kabisa na taa isiwake hata siku moja.

Kilichonifungua macho ni plagi zenyewe. Zilikuwa na miezi miwili tu, tukazitoa tukazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake, ya kwanza nyeusi tii ina masizi ya kulowa, ya pili na ya tatu nyeusi kiasi, ya nne nyeupe kama imepakwa chokaa. Ukiona hivyo ujue silinda ya nne inapata mafuta kidogo, na hizo nyingine zinapata mengi kuliko zinavyotakiwa. Na inakuwa hivyo kwa sababu kuna sensa moja tu ya oksijeni kwenye bomba la ekzosi inayonusa moshi wa silinda zote kwa pamoja, ikiona kuna hewa iliyobaki haijui imetoka silinda gani, inaiambia kompyuta ongeza mafuta, kompyuta inawaongezea wote wanne, sasa yule mmoja aliyeziba bado ana njaa na watatu wanavimbiwa. Ndo maana gari inakosa nguvu na wakati huohuo inakunywa, watu wanashangaa inakuwaje vyote viwili, inakuwa hivyohivyo.

Sasa nije kwenye gereji yenyewe. Iko Gerezani kule Kariakoo, mtaa wa ndani, kwa nje ukiangalia huwezi kudhani kama kuna mashine ya maana, ni fremu moja nyembamba ina meza, kompresa, na mashine mbili. Sitaji jina. Kitu cha kwanza nilichowapendea, yule fundi mkubwa alikataa kupokea hela yangu. Nilifika na gari nikamwambia nataka kuoshewa nozeli, akaniuliza, "Dada, kompresheni umepima?" Yaani ile presha ya ndani ya silinda. Nikasema hapana. Akasema basi tupime kwanza, maana kama valvu imeungua au ringi zimekwisha nitaosha nozeli zako mpaka ziwake, utarudi kunilaumu. Akapima silinda zote, zilikuwa kati ya psi 160 na 165, akasema injini nzima hii, tuendelee. Alafu injini ikiwa inaunguruma akachomoa soketi ya nozeli moja moja, akichomoa ya kwanza injini inayumba, ya pili inayumba, ya tatu inayumba, ya nne hamna chochote, yaani kama hajagusa kitu. Akapima na oumu zake (ukinzani wa umeme) kwa mita, nozeli za aina hii huwa kati ya oumu 12 na 16, zote zangu zilisoma 13 na kitu, kwa hiyo koili ya ndani iko sawa na tatizo sio umeme. Dakika 25 zote hizo na hakuchaji hata mia.

Kuzitoa wao wenyewe ndo wametoa, na walifanya kwa adabu. Walichomoa kwanza umeme wa pampu wakawasha injini mpaka ikazima yenyewe ili presha iishe kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli zote), wakatoa waya wa hasi wa betri, wakapuliza na hewa mchanga wote uliokaa kuzunguka matundu ya nozeli kabla ya kuvuta reli. Hilo la kupuliza naliweka hapa kwa sababu nimeona mafundi wengi wanavuta tu, na ule mchanga unaingia moja kwa moja juu ya valvu.

Mashine ya kupimia ndo kitu kizuri kuliko vyote. Ina reli yake, nozeli zinakaa juu zimepangwa, chini ya kila moja kuna bomba la kioo lenye mistari ya mililita, na nyuma kuna taa. Wanatumia kimiminika maalum cha kupimia badala ya petroli, kwa sababu ya moto. Fundi akaniambia nisogee niangalie kwa macho yangu. Akaanza na kuvuja, akaweka presha ya baa 3 bila kuzipa nozeli umeme, tukakaa dakika moja tunaangalia ncha, kipimo cha Toyota kwa hizi ni tone moja kwa dakika au chini ya hapo. Namba 1 ilidondosha matone manne. Nikakumbuka ile plagi nyeusi tii na harufu ya petroli, kumbe usiku kucha gari ikiwa imepaki inadondosha mafuta juu ya valvu.

Alafu akazirusha zote kwa pamoja sekunde 15. Namba 2 na namba 3 zinatoa ukungu mzuri kama chupa ya kupulizia marashi, unaona ile koni imetawanyika. Namba 4 inatoa uzi mmoja mwembamba umeinamia pembeni, unagonga ukuta wa kioo unateremka. Mafuta yakitoka hivyo hayawezi kuchanganyika na hewa hata ufanyeje. Tukasoma kwenye vioo: 47, 44, 46, na namba 4 ikasoma 33. Fundi akasema tofauti kati ya kubwa na ndogo isizidi mililita 5 kwa sekunde 15, yangu ilikuwa 14. Akaandika kwenye karatasi mbele yangu, akanipa nipige picha.

Kabla ya kuosha alitoa oringi (mipira ya duara ya kuzibia) na vile vichujio vidogo vilivyo kwenye kichwa cha nozeli. Watu wengi hawajui kama kuna kichujio humo ndani, ni kidogo kama punje ya mchele, anakitoa kwa kuingiza skrubu anaizungusha kidogo alafu anavuta. Cha namba 4 alikigonga juu ya tishu nyeupe, ukadondoka unga wa rangi ya kahawia, kutu tupu. Akauliza kama huwa natembelea taa, yaani naacha mafuta mpaka taa inawaka ndo naweka ya elfu kumi. Ni kweli natembeleaga taa, na miaka hii kumi na kitu hakuna aliyewahi kushusha tenki. Maji na kutu vinakaa chini, ukitembea na mafuta ya chini pampu inavuta hukohuko. Tukatoa na filta ya petroli, alipoimwaga kwenye kopo kwa nyuma yalitoka maji meusi kama chai ya rangi iliyolala.

Na sio kutu tu. Akanieleza kwamba ukizima gari injini inabaki na joto, kile kitone kilichobaki kwenye ncha ya nozeli kinakauka kinaacha gundi kama vanishi, ukiwa mtu wa safari fupifupi na foleni, unawasha unazima mara sita kwa siku, ile gundi inajengeka tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo hata ukiweka mafuta safi kabisa, na tangu EWURA, mamlaka ya nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) 2010, kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa kumepungua sana ukilinganisha na tulikotoka, bado nozeli ya gari ya miaka 20 na zaidi itachafuka tu.

Kuosha kwenyewe ni kale kabeseni ka chuma kenye mawimbi ya sauti, wanalowesha ncha tu, soketi ya umeme inabaki juu, na nozeli zinapewa umeme wa kufunguka na kufunga humohumo kwenye dawa. Mawimbi yanatengeneza vipovu vidogo sana vinapasuka kwenye ncha vinabandua uchafu. Unauona kabisa unatoka kama moshi ndani ya maji. Nusu saa. Baadaye anazigeuza anasukuma dawa kwa nyuma, kutokea kwenye ncha kwenda kichwani, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia.

Akapima tena: 48, 46, 47, 41. Hapa ndo nilipoamini huyu mtu ni fundi. Gari ingetembea na hizo namba, mimi nilishafurahi, nilishaanza kutoa hela, akasema, "Hapana dada, saba bado nyingi, hii narudisha." Akairudisha namba 4 peke yake nusu saa nyingine, ikatoka 45. Namba 1 kuvuja kukaisha, dakika nzima hakuna hata tone. Akafunga vichujio vipya na oringi mpya, akazipaka petroli kidogo kabla ya kuingiza ili zisikatike, akazisukuma huku anazungusha kushoto kulia. Baada ya kufunga hakuwasha gari haraka, aliiacha kwanza pampu ijaze reli, akamulika tochi kuzunguka kila nozeli, akapitisha na kidole. Oringi ikivuja pale juu ya injini ya moto ni gari kuungua, kwa hiyo hata ukifungiwa na nani, simama pale udai hiyo dakika moja ya tochi.

Hela: kuosha sh 15,000 kwa nozeli, kupima kabla na baada imo humohumo, oringi na kichujio 5,000 kwa nozeli, kutoa na kurudisha 30,000, jumla 110,000. Filta ya petroli nilinunua mwenyewe pembeni. Ukienda na nozeli mkononi umeshazitoa unalipa 80,000 tu.

Walipozingua. Waliniambia ndani ya masaa matatu kazi imeisha, nimetoka pale saa kumi jioni, na hakuna pa kukaa, nilisimama kwenye jua na baadaye nikakaa kwenye ndoo ya oili iliyogeuzwa. Mwenye mtoto au mgonjwa asiende nae. La pili kubwa zaidi, meza wanayofungia nozeli zilizooshwa iko mlangoni kabisa, na vumbi la mtaa ule mnalijua, haina maana kuosha kwa mawimbi alafu ukaziweka wazi upepo unapita. Nilimwambia akaleta kitambaa akafunika, lakini nisingesema isingefunikwa. La tatu, vile vikofia vya plastiki vya kwenye ncha, vyangu viwili vimepasuka kidogo na hawakuwa na vipya, wakarudisha vilevile. Na risiti ni ya mkono. Kwa hayo siwezi kuwapa nyota tano, nawapa nne, na hiyo nne ni kwa sababu ya vipimo na ile kukataa kunipa 41.

Nilipokuwa nasubiri alikuja kaka mmoja na Noah yenye D4, wakamwambia ukweli kwamba mashine yao haipimi nozeli za D4, zile zinapuliza ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa mara nyingi zaidi ya hii, wakamwelekeza pengine. Za dizeli ndo kabisa, zile ni za mafundi wa pampu za dizeli, mashine nyingine.

Jambo moja linanikera sana na nalisema kwa nia njema. Kuna wanaoosha nozeli barabarani kwa kuchukua waya mbili kutoka kwenye betri wanagusisha, na petroli au dawa ya kabureta wanapuliza kwa bomba. Ukishikilia waya muda mrefu unaweza kuunguza koili ya ndani, na cheche juu ya petroli mnajua zinafanya nini. Wengine wanachokonoa ncha na sindano, lile tundu limetobolewa kwa kipimo, ukiligusa na sindano ndo umeiua. Na hata nozeli ikionekana inarusha kwa macho, bila vile vioo huwezi kujua moja inatoa 33 na nyingine 47. Dawa za kumwaga kwenye tenki nazo nilishatumia chupa mbili, kwa uchafu mwepesi zinasaidia, ila kwa kichujio kilichojaa kutu haziwezi kufanya kitu, kutu haiyeyuki kwa dawa.

Siku ya kwanza baada ya kufunga sailensa ilikuwa juu kidogo kwa sababu betri ilitolewa na kompyuta ilikuwa inajifunza upya, siku ya pili ikatulia. Sa hivi nikisimama kwenye taa naangalia kile kioo cha ndani, hakitikisiki. Nimejaza tenki mara tatu tangu siku hiyo, mara zote nimepata kati ya 11.5 na 12.3 kwa lita kwa njia ileile ya Kimara na Posta. Plagi nilizitoa juzi, zote nne zimeanza kuwa na rangi moja ya kahawia. Jumapili nilimpelekea baba ile karatasi ya vipimo Kibaha, akaisoma namba moja moja akiwa ameishika mbali na macho, akaniuliza 45 ndo ile ya nne, nikamwambia ndiyo, akaitia kwenye faili lake la risiti za gari ambalo analo tangu 2011.

Bado tenki halijashushwa. Fundi alisisitiza lisafishwe kabla ya kilomita 2,000 la sivyo vile vichujio vipya vitajaa tena, nimepanga mwisho wa mwezi. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumamosi mpaka saa nane mchana, Jumapili hawapo, na ukienda wahi kabla ya saa tatu maana wanapima magari manne tu kwa siku na wanafuata foleni.